Baba Atafundisha Alhamisi

Ujumbe wa Sabra uliingia Jumatatu asubuhi kwenye simu ya ami yake, Kombo, na Kombo akaja nao mbio nyumbani kwa kaka yake kabla hajanywa chai. Simu nyingine za pale nyumbani zilikuwa za kubonyeza, za kupigia tu, kwa hiyo kila neno la Sabra kutoka Marekani lilipitia kwa Kombo kwanza, na yeye alilipenda jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Aliiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, akaongeza sauti.

"Assalamu alaikum Mama, Baba, Bibi na Ami," Sabra alisema. "Mimi sijambo, ila baridi. Sasa sikilizeni. Alhamisi saa kumi na moja jioni ya huko, darasa langu zima litapiga simu ya video. Wanafunzi wanataka kumwona Baba. Nimewafundisha habari za mnazi, wana maswali yao. Baba akae pale uani kwenye mnazi wa Bibi, awaonyeshe kidaka, kitale, dafu, koroma mpaka nazi. Na mkuu wa idara atakuwepo, atakaa nyuma kunipima. Huyo ndiye anayeamua kama mwakani nabaki nisome shahada ya pili, au mkataba wangu ukiisha narudi. Kwa hiyo Baba avae kanzu. Na Ami Kombo asivute sigara mbele ya simu."

Ujumbe ukaisha. Mwanamkuu, mama yake Sabra, alibaki ameshika upawa, macho yameelekea mlango wa chumbani. Mkwewe, Bi Biubwa, aliyekuwa akichambua mchele, aliendelea kuchambua punje zile zile alizokwisha kuzichambua. Kila mmoja alijua kwamba Ussi, huyo baba anayetakiwa avae kanzu akae uani, yumo chumbani amelala chali, na hajakaa wala kusimama tangu alipoanguka mnazini mwezi uliopita.

Ussi alikuwa mkwezi, na hapa Kirongwe mwenye minazi alimtafuta Ussi kwanza kabla ya mtu mwingine. Siku ile kuti alilolishika lilimwachia, basi, hakukuwa na hadithi kubwa zaidi ya hiyo. Mguu wa kushoto ukawa hausikii kitu, wa kulia unasikia siku ukipenda. Daktari wa Kilindoni hakuwaficha. Aliwaambia wavuke naye waende Dar es Salaam akapigwe picha kubwa ya uti wa mgongo, na wasichelewe. Ussi alisema sawa, kisha akasema bado.

Na Sabra hakujua lolote. Akipiga simu ya sauti alizungumza na baba yake vizuri, maana sauti haikuvunjika. Akitaka video, Baba ameingia msikitini, Baba yuko bafuni, Baba amekwenda msibani Ndagoni. Katika mwezi mmoja ule Ussi alihudhuria misiba mingi kuliko imamu.

"Sasa safari hii mtasemaje?" Kombo aliuliza.

"Tutasema kuna msiba," Mwanamkuu alijibu.

"Shemeji, watu wa kufa wamekwisha. Wiki iliyopita mmemzika mzee Mansuri, na mzee Mansuri nimetoka kusalimiana naye sasa hivi dukani."

"Nimesikia," sauti ya Ussi ilitoka chumbani. "Njooni humu."

Waliingia. Chumba kilinuka mafuta ya kuchulia na jasho la mtu asiyegeuka. Ussi alikuwa akitazama dari, mikono yake mikubwa imelala juu ya shuka bila kazi.

"Nitakaa," alisema.

"Utakaa wapi?" Mwanamkuu alimuuliza.

"Kitini. Uani. Kama alivyosema mtoto."

"Baba Sabra, juzi tumekuinua kubadilisha shuka ukazirai."

"Juzi hamkunifunga. Mtanifunga kwenye kiti kwa kanga, ndani ya kanzu, isionekane. Simu yenyewe inaonyesha kifua na kichwa. Kifua ninacho, na kichwa bado ninacho."

Kombo aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akashusha sauti kama mtu anayemsemesha mtoto. "Kaka, mwambieni Sabra. Yeye ndiye mwenye mshahara. Akijua atatuma nauli na gharama za hospitali, na kabla wiki haijaisha tuko Dar. Hii ya kufungana kanga ni michezo ya kuigiza."

"Akijua hatatuma. Atakuja." Ussi alitaka kugeuza kichwa amtazame ndugu yake, akashindwa, akaendelea kuitazama dari. "Humjui Sabra wewe? Homa ya bibi yake tu ilimtoa chuoni Dar akapanda boti katikati ya mitihani. Atakuja, na akija nafasi ile hawamwekei, anapewa mwingine. Mimi nimepanda minazi ya watu umri wangu wote. Mtoto akiacha kile kiti cha chuoni kwa ajili ya mgongo wangu, nitakuwa nimeanguka mara ya pili. Asije. Mnasikia? Asije."

Walisikia. Mwanamkuu alikuwa akilisikia neno hilo kila uchao, akimgeuza, akimwosha, akimtilia maji mdomoni. Alikuwa mwanamke mwoga na alijua, ila siku hizi woga wake ulikuwa na pande mbili na alishindwa kukaa upande mmoja. Aliogopa Sabra asije akaona. Aliogopa pia kwamba hataona, na siku moja ataitwa kwa simu kuja kwenye msiba wa kweli.

"Na Alhamisi ikipita?" aliuliza.

"Alhamisi ikipita nipelekeni Dar hata kwenye gunia."

*

Watu wa Kirongwe hawana ubaya, ila wana maswali. Tangu Sabra aondoke walimuuliza Mwanamkuu anafanya kazi gani huko, na Mwanamkuu alipojibu kwamba anafundisha Kiswahili chuo kikuu, walimtazama kwa huruma. Kiswahili hiki hiki? Kiswahili ni kitu cha kufundishwa? Mtoto anazaliwa, anakikuta ndani ya nyumba, anakiokota. Wapo walioamini kwamba Sabra anafua nguo za watu mahali fulani na kwamba mamake, maskini, anaona haya kusema. Taufiki mkodisha viti alikuwa mmoja wao, na kwa bahati mbaya viti vyenye mikono hapa Kirongwe ni vya Taufiki.

"Kiti kimoja?" Taufiki alishangaa. "Bi Mwanamkuu, mimi natoa viti kwa shughuli. Kiti kimoja ni cha bwana harusi. Sabra anaolewa kwa simu?"

"Cha Baba Sabra. Anataka kukaa uani apate upepo."

"Alhamdulillahi. Basi amepata nafuu."

"Amepata."

"Mbona Jamila anasema jana alimsikia akilia?"

"Jamila jirani yangu ana masikio mazuri," Mwanamkuu alisema, akajitahidi kutabasamu.

Taufiki aliingia ndani, akatoka akijikuna. Viti vya kawaida vyote vimekwenda Kiegeani kwenye maulidi, alisema. Kilichobaki ni kile cha bwana harusi chenyewe. Alikivuta mpaka barazani: kiti kikubwa cha mbao, mgongo mrefu, kitambaa cha rangi ya dhahabu na vifungo vya kung'aa. Mwanamkuu alikitazama akataka kurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini kilikuwa na mikono mipana na mgongo wa kumshika mtu, na hivyo ndivyo vitu viwili alivyovifuata.

"Na Sabra hajambo?" Taufiki aliuliza, akikipangusa vumbi. "Bado anawafundisha? A, e, i, o, u?"

"Hajambo. Alhamisi baba yake naye atawafundisha."

"Ussi? Atawafundisha nini?"

"Nazi."

Taufiki alicheka mpaka akashika nguzo. "Nazi nayo inafundishwa. Basi wakimaliza waleteni kwangu, nitawafundisha viti." Alipotulia, alirudi ndani tena na kutoka na kipande cha nailoni kilichokunjwa vizuri. "Chukua na hii umtandikie. Si kwa ubaya, Bi Mwanamkuu. Kitambaa kile hakifuliki, na Ijumaa kina harusi."

Mwanamkuu aliipokea nailoni. Aliipokea kwa sababu ilihitajika, na hilo ndilo lililomuuma. Alijitwika kiti kichwani akapita nacho barabarani, watoto wakamfuata wakiimba nyimbo za harusi, na alipofika karibu na nyumba, Jamila alitoka mlangoni na ungo wake.

"Mnaoza?" Jamila aliuliza.

"Tunapunga upepo," Mwanamkuu alisema, akapita.

*

Alhamisi walianza kumtayarisha mara baada ya sala ya alasiri. Kombo alimshika kwapani, Mwanamkuu akamshika miguu, Bi Biubwa akatangulia kufungua milango na kusoma kila aya aliyoikumbuka. Ussi hakupiga kelele. Aliuma kola ya fulana yake njia nzima, na walipomkalisha kitini, kola ilikuwa imetoboka. Mwanamkuu alitandika nailoni, akamzungusha kanga moja kifuani na nyingine kiunoni, akazikaza kwa nyuma, kisha wakamvika kanzu juu yake na kuishusha mpaka miguuni. Alimfuta uso, akamvika kofia.

"Naonekanaje?" Ussi aliuliza.

"Kama bwana harusi aliyelazimishwa," Kombo alisema, na Ussi akacheka kidogo, akaacha, maana kucheka kulimuuma.

Vitu vyote vilipangwa juu ya meza ndogo mbele yake asije akalazimika kunyoosha mkono mbali: kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi iliyofuliwa. Mwanamkuu alimwita mkwewe pembeni.

"Mama, wakikuuliza habari, sema nzuri. Wakikuuliza jambo jingine lolote, cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu, Mama."

"Mie sijapata kumwambia mjukuu wangu uwongo," Bi Biubwa alisema.

"Kucheka si uwongo."

Bi Biubwa alifikiri, akaona kweli hapakuwa na pa kumkamata. Alichukua kigoda akaketi karibu na kiti cha mwanawe.

Aliyemtia Mwanamkuu wasiwasi zaidi ni Kombo. Yeye ndiye atakayeishika simu, na yeye ndiye aliyetaka Sabra aambiwe. Angeteremsha mkono shibiri moja tu, ingekuwa basi. "Ami yake Sabra," alimwambia, "kifua na kichwa."

"Nimesikia, shemeji."

Simu iliita. Sabra alitokea akiwa na ushungi mweusi na sweta nene la kola ndefu, na nyuma yake meza na nyuso za vijana, wengine na vikombe vya kahawa mkononi, maana kwao kulikuwa asubuhi. Mbali kabisa, karibu na mlango, aliketi mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani. Huyo ndiye mkuu wa idara. Alikuwa mtaalamu wa Kirusi, hajui hata neno moja la Kiswahili, na alikuja kupima ufundishaji kwa kutazama nyuso za wanaofundishwa.

"Shikamoo Baba, shikamoo Mama, shikamoo Bibi," darasa zima lilisema kwa pamoja.

"Marahaba," walijibu watatu kwa pamoja, na Bi Biubwa akaongeza, "Marahaba, wajukuu zangu. Mungu awakuze." Hapo akasahau alivyoagizwa, akauliza, "Huyo mrefu ni nani?"

"Mimi ninaitwa Embe," kijana mrefu alijibu.

"Embe? Mamake aliona nini akamwita Embe?"

"Amejichagulia mwenyewe, Bibi," Sabra alisema akicheka. "Kila mmoja amejichagulia jina la Kiswahili. Huyu hapa mbele ni Furaha."

Furaha alikuwa msichana mwenye nywele fupi na uso wa mtu anayekaa mstari wa mbele maisha yake yote. Aliinamisha kichwa kwa heshima. Mwanamkuu alimsikiliza binti yake na asimtambue. Sabra alisema polepole, kila neno peke yake na mwisho wake ukiwa umetimia, kama msomaji wa taarifa ya habari. Mwanamkuu aliona fahari.

"Karibu, Baba," Sabra alisema. "Wanafunzi wanakusikiliza."

Ussi alifundisha. Haikuwa kazi aliyowahi kuifanya, lakini vitu vilivyokuwa mezani alivijua, na hakuwa na haraka. Aliinua kidaka. "Hiki ni kidaka. Upepo ukipita kinaanguka. Hakina faida, watoto wanachezea." Akainua kitale. "Hiki kimekua. Kina maji, maji hayana utamu. Mtu akikiangua sasa, ana pupa." Alipofika kwenye dafu, Embe alisema anajua, dafu linanywewa, na wote wakacheka. Koroma aliishika kwa muda. "Hii ndiyo inayowasumbua watu. Si dafu, si nazi. Maji yamepoteza utamu, na nyama haijakomaa. Mgeni akija, usimpe koroma. Atakwenda kukusema." Kisha aliichukua nazi, akaitikisa karibu na simu ili wasikie maji, na darasa lote kule Marekani likasogea mbele kusikiliza.

Mwanamkuu hakusikiliza nazi. Alikuwa akitazama jasho linaloshuka kutoka chini ya kofia, na bega la kushoto la mumewe ambalo lilikuwa limeanza kushuka chini ya lile la kulia. Kanga ya kifuani ilikuwa imelegea. Kila alipomtazama Kombo, aliona mkono wake umeinuka sawasawa, umekaza, simu haitikisiki.

"Baba, unapanda mnazi kila siku?" Embe aliuliza.

"Siku hizi napumzika," Ussi alisema.

Furaha aliinua mkono. Swali lake alikuwa amelitayarisha siku nyingi, na alilitoa bila kukwama. "Baba, tafadhali, simama, utuonyeshe unavyopanda mnazi."

"Vizuri sana, Furaha," Sabra alisema, na furaha yake ilionekana mpaka kwenye macho. Alimtupia jicho mama mwenye miwani kule nyuma. "Baba, vidato viwili tu vya mnazi. Usipande sana, waone mguu unavyokaa."

Ussi angeweza kusema jua kali, angeweza kusema kanzu inamzuia. Baadaye Mwanamkuu alimwazia majibu chungu nzima. Lakini aliyekuwa ameombwa ni mkwezi, na walioomba ni wageni, na binti yake alikuwa anapimwa. Alishika mikono ya kiti. Kiti kililia. Aliinuka kidogo sana, pengine upana wa kiganja, mpaka kanga zilipomshika, na rangi ya uso wake ikabadilika.

Bi Biubwa alicheka, kama alivyoagizwa. Kisha akaiona mishipa ya shingo ya mwanawe, kicheko kikakatika. Aliinuka kwenye kigoda akamshika bega kwa mikono yote miwili. "Kaa, mwanangu. Kaa." Akaigeukia simu. "Hawezi," alisema.

Hapo Kombo, ambaye mwezi mzima alitaka mtoto aambiwe, aliinua simu juu haraka, juu kabisa, mpaka kwenye makuti. "Mnazi wenyewe ndio ule," alisema. "Mrefu sana. Unazaa vizuri."

Mwanamkuu aliomba mtandao uwe umekatika; mara ngapi umekatika bila kuombwa. Haukukatika.

"Mwalimu," sauti ya Furaha ilisikika. "Bibi alisema hawezi. Hawezi nini?"

"Hawezi kupanda," Embe alimsaidia.

"Hapana. Bibi hakuongeza kitenzi. Mwalimu alituambia, watu wa pwani wakisema hawezi, na hakuna neno lingine..." Alitafuta, akapata, na akafurahi kwamba amepata. "Mgonjwa. Baba ni mgonjwa?"

Alikuwa amepata sawasawa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akijua jambo kama hilo, mwalimu wake anastahili pongezi, na siku nyingine Sabra angempa.

"Ami," Sabra alisema. "Teremsha simu."

Kombo alimtazama shemejiye. Mwanamkuu alimtazama mumewe. Ussi alifumba macho, akayafumbua, akaitikia kwa kichwa. Kombo aliteremsha simu, na safari hii hakuchagua kifua na kichwa. Alirudi nyuma hatua kadhaa, ikaonekana yote: kiti cha dhahabu, ncha ya kanga iliyochomoza shingoni mwa kanzu, mtu aliyeinama upande, na miguu miwili iliyopangwa pamoja na mikono ya watu wengine, vidole vimeelekea ndani.

Wanafunzi walifanya walivyofundishwa. Walitazamana, kisha wakasema kwa pamoja, kwa upole kabisa, "Pole, Baba."

Ussi hakuwa na nguvu iliyobaki isipokuwa ya maneno yanayotoka yenyewe. "Nishapoa, wanangu," alijibu.

Nyuso zikachangamka. Embe alipiga makofi. "Amepona," Furaha alimwambia jirani yake. "Amesema amekwisha kupona. Vizuri, Baba."

"Hapana," Sabra alisema. Alilisema kwa sauti ile ile ya darasani, maana darasa lilikuwa mbele yake na mwanafunzi amekosea. "Nishapoa ni jibu la pole. Ni adabu tu. Mtu anajibu hivyo hata kama..." Alijaribu tena. "Hajapona. Usiseme amepona."

Kisha alisogea mpaka uso wake ukajaa kioo chote, na Kiswahili cha kufundishia kikamtoka. Alisema mbio, akiyameza maneno kama wanavyoyameza Kirongwe, neno moja limepanda mgongoni mwa jingine. "Baba kaanguka, eti? Kaanguka lini? Mwezi mzima mwan'ambia kenda msibani, kenda wapi, kumbe kalala humo ndani? Na daktari kasemaje?"

"Kasema Dar," Mwanamkuu alijibu. Alikuwa akilia na hakujificha. "Kasema tusichelewe, na sisi tumechelewa."

Nyuma ya Sabra wanafunzi walisubiri kwa subira, kalamu mkononi. Walikuwa wameshika neno Dar na hawakushika jingine.

"Mwalimu," Ussi alimwita binti yake. Hajapata kumwita hivyo. "Endelea na somo. Watu wanakungoja."

Sabra hakugeuka kuwatazama. Macho yalikuwa yamemjaa machozi lakini sauti ilikuwa kavu. "Baba," alisema, "n'je n'kuone?"

Mwanamkuu alilijua jibu. Alikuwa amelisikia mwezi mzima, asubuhi na jioni, likisemwa kwenye dari. Alimwona mumewe anafungua mdomo alitoe, na akajitayarisha kulisikia likisemwa mbele ya mtoto mwenyewe. Ussi alimtazama Sabra kwenye kioo, akayaona machozi yake.

"Njoo," alisema.

Hilo wanafunzi walilijua. Walifundishwa wiki ya kwanza, pamoja na kaa na simama. Swali la mwalimu wao lilikuwa limewapita, hawakuwa wamefika huko, lakini jibu walilielewa wote, na walifurahi kuelewa. Furaha alilirudia kwa sauti, njoo, na Embe akalirudia, na meza za nyuma zikaitikia, njoo, njoo, matamshi safi kabisa. Mkuu wa idara alizitazama nyuso zao, akavua miwani, akaandika kwamba mwalimu huyu abakizwe.